"Ni wimbo wa Hitler huo": umri wa kweli wa nyimbo za askari wa Kijerumani

Ilikuwa kwenye daladala, foleni imeganda. Simu ya kijana mmoja ikaita kwa sauti ya bendi: wanaume wanaimba, wanakata, ngoma inapigwa mara tatu, bum bum bum, wanaendelea. Mzee aliyekaa kiti cha mbele akageuka. "Kijana, huo si wimbo wa Hitler?" Kijana akasema hapana mzee, ni wimbo wa ua, nimesoma tafsiri yake. Konda akacheka. Hadi nashuka walikuwa hawajaelewana, na mimi nilinyamaza ingawa nilikuwa na la kusema, kwa sababu jibu lenyewe ni refu kuliko safari ya vituo vitatu.

Kila mmoja wao alikuwa ameshika nusu ya ukweli. Ubishi wa namna hiyo sasa uko kila mahali, maana nyimbo hizi zimesambaa TikTok na YouTube. Mmoja anaandika kwamba ni nyimbo za karne ya 16, mwingine anasema zimepigwa marufuku Ujerumani, wa tatu anasema wimbo ni wimbo tu. Tuzifumue taratibu.

Kwanza tutenganishe vitu vitatu vinavyochanganywa. Kuna machi, yaani muziki wa bendi wa kutembelea gwaride, ambao aghalabu hauna maneno. "Preußens Gloria" ya Johann Gottfried Piefke ni machi. Ilitungwa mwaka 1871, Hitler hajazaliwa. Kuna wimbo wa askari wenyewe, ule unaoimbwa njiani na kambini ili miguu iende pamoja na kichwa kisahau uchovu, na mara nyingi unamtaja msichana, mvinyo, nyumbani au kifo. Halafu kuna wimbo wa chama, uliotungwa kwa ajili ya siasa, kama "Horst-Wessel-Lied" wa chama cha Wanazi. Ukisikia wanaume wanaimba Kijerumani kwa pamoja huku buti zinagonga, inaweza kuwa chochote kati ya hivyo.

Pili, wimbo wa askari una umri zaidi ya mmoja. Fikiria kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mwenye kiwanda anaweza kuchukua pindo na mji wa zamani, akabadilisha jina tu, na ikawa kanga nyingine yenye ugomvi mwingine kabisa. Wimbo nao una maneno, una mahadhi, na una watu walioubeba mpaka ukajulikana. Kila kimoja kina tarehe yake, na ubishi mwingi huzuka pale mtu mmoja anapotaja tarehe ya mahadhi huku mwenzake anataja ya waimbaji.

Tuanze na uliozeeka kweli. "Prinz Eugen, der edle Ritter" unahusu vita vya Belgrade vya mwaka 1717, jeshi la mfalme wa Austria likipigana na Waturuki, na ulikuwa umekwishaandikwa miaka michache tu baadaye. Unasimulia daraja lilivyojengwa na mizinga ilivyoburutwa, mpaka unaamini mtunzi alikuwepo. Lakini wimbo unataja tarehe 21 Agosti jasusi alipoleta habari za adui, wakati mapigano yenyewe yalifanyika tarehe 16. Yaani katika wimbo huu, habari za adui zinafika siku tano baada ya adui kupigwa. Hata shahidi wa karibu namna hii anakosea, kwa hiyo wimbo unafaa kutuambia watu walijisikiaje. Kalenda tuitafute kwingine.

Sasa chukua "Wir sind des Geyers schwarzer Haufen", wimbo ambao mtandaoni unapewa picha za mikuki na moto na kuitwa wimbo wa wakulima wa mwaka 1525. Kweli mwaka ule wakulima wa Ujerumani waliasi. Kweli palikuwa na bwana mmoja, Florian Geyer, aliyeacha wenzake matajiri akasimama na wakulima, na akauawa. Lakini wimbo wenyewe ulishonwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na vijana wa vyama vya matembezi, kwa vipande vya shairi la karne ya 19 na misemo ya kale. Mmoja ni ule usemao: Adamu alipolima na Hawa aliposokota uzi, bwana mkubwa alikuwa nani? Msemo huo ni wa zamani kweli. Waingereza wanauhusisha na padri John Ball na uasi wa mwaka 1381.

Wimbo wenyewe, basi, una miaka mia moja na ushei, na wahusika wake ni wa miaka mia tano. Cha ajabu ni waliourithi. Waliuimba vijana wa matembezi, wakauimba Wanazi, ambao kikosi kimoja cha SS, jeshi la chama chao, kilipewa jina la Florian Geyer, kisha Ujerumani Mashariki ya kikomunisti ikauimba kama wimbo wa mkulima aliyeamka. Maneno ni yaleyale, na kila mmoja alijiona ndiye mkulima.

Kwa nini vijana wa miaka ya 1920 walihitaji wimbo wa kujifanya wa kale? Mazoea hayo yalikuwa na zaidi ya karne. Kati ya 1805 na 1808 washairi wawili, Achim von Arnim na Clemens Brentano, walitoa mkusanyiko wa nyimbo za watu uitwao "Des Knaben Wunderhorn". Walikusanya kweli, ila walipoona ubeti umepinda waliunyoosha, na palipokosekana mstari waliuongeza. Mwaka 1909 vijana wa matembezi nao wakapata kitabu chao cha nyimbo, "Zupfgeigenhansl", wakakibeba pamoja na magitaa yao porini. Kizazi hicho ndicho kilichoingia mahandakini mwaka 1914 kikiwa kimeshaimba vita kabla ya kuviona.

Hapo ndipo tunafika kwenye uongo maarufu kuliko wote katika habari hizi. Tarehe 11 Novemba 1914 makao makuu ya jeshi la Ujerumani yalitoa taarifa: magharibi ya Langemarck, nchini Ubelgiji, vikosi vya vijana vilivamia mstari wa kwanza wa adui huku vikiimba "Deutschland, Deutschland über alles", vikauteka. Magazeti yakaichapa, nchi ikalia kwa fahari.

Ukiichambua taarifa hiyo, kila uzi unakatika. Mapigano yalikuwa karibu zaidi na kijiji cha Bixschote, ila jina la Langemarck linasikika Kijerumani vizuri zaidi. Vijana wanafunzi walikuwemo, lakini hawakuwa wengi wa vikosi vile kama hadithi ilivyodai. Shambulio lenyewe lilikuwa balaa la vifo, si ushindi. Na kuimba? Jaribu kukimbia kwenye matope ya Novemba, mzigo mgongoni, risasi za bunduki ya rashasha zinakuja, uimbe ubeti mzima. Wanahistoria wanaokubali kwamba palikuwa na kuimba popote wanatoa sababu isiyo na fahari: kwenye ukungu na giza askari waliimba ili wenzao wasiwapige risasi wakidhani ni adui. Hata hivyo hadithi ilikua. Wanazi waliipenda sana, wakaifanya somo la kuwafundisha vijana kufa. Leo makaburi ya Wajerumani pale Langemark yana maiti zaidi ya 44,000, na sehemu kubwa imo katika kaburi moja la pamoja.

Kwa kuwa tumeutaja wimbo huo, tumalizane nao. Watu wengi wanaamini "über alles" maana yake ni Ujerumani itawale dunia nzima. August Heinrich Hoffmann von Fallersleben aliandika maneno hayo mwaka 1841, wakati nchi moja iitwayo Ujerumani haikuwepo. Palikuwa na falme na vijimji zaidi ya 30, kila mmoja na mtawala wake na ushuru wake. Alikuwa anawaambia wenzake: wekeni Ujerumani mbele ya hivyo vijifalme vyenu. Mahadhi ni ya Joseph Haydn, ya mwaka 1797, aliyotungia Kaizari wa Austria. Lakini usiishie hapo kwa furaha ya kumsahihisha mwenzako, maana Wanazi waliuimba ubeti huohuo wa kwanza wakiwa na maana ileile ambayo jirani zao waliiogopa. Ndiyo sababu wimbo wa taifa wa Ujerumani leo ni ubeti wa tatu peke yake, unaozungumzia umoja, haki na uhuru.

Na hapa nitoke nje ya njia kidogo, maana jambo hili hunifurahisha kila nikilikumbuka. Maneno hayo yaliandikwa kwenye kisiwa cha Helgoland, ambacho wakati huo kilikuwa cha Waingereza. Wajerumani walikipata mwaka 1890, kwa mkataba uleule ambao walikubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza na wakaachia Witu, kule karibu na Lamu. Wengine husema walibadilishana Zanzibar na Helgoland. Hawakubadilishana, kwa kuwa Zanzibar haikuwa yao kamwe. Sultani alikuwepo, ila hakuna aliyemuuliza.

Turudi kwenye simu ya kijana. Wimbo ule unaitwa "Erika". Erika ni kichaka kidogo chenye maua ya waridi-zambarau kinachoota nyikani huko Ujerumani, na ni jina la msichana pia. Ubeti wa kwanza unasema ua dogo limechanua nyikani na nyuki laki moja wanalizunguka kwa sababu moyo wake umejaa utamu. Hakuna bunduki, hakuna adui, hakuna Hitler. Kijana yuko sahihi hapo. Mtunzi ni Herms Niel, kiongozi wa bendi aliyejiunga na chama cha Wanazi mwaka 1933, na wimbo ulichapishwa mwaka 1938. Uliimbwa na jeshi lililoingia Poland, Ufaransa na Urusi, na watu wa vijiji vile waliusikia kabla ya kuona moshi. Mzee naye yuko sahihi. Kosa la kila mmoja ni kudhani kwamba nusu yake inaifuta nusu ya mwenzake.

"Lili Marleen" ulichukua njia tofauti kabisa. Hans Leip aliandika shairi mwaka 1915 akiwa askari mlinzi Berlin, akikaribia kupelekwa Urusi: taa ya barabarani mbele ya lango la kambi, na msichana anayesubiri chini yake. Norbert Schultze alilitia muziki mwaka 1938, Lale Andersen akalirekodi mwaka 1939, na watu hawakulijali. Mwaka 1941 redio ya jeshi la Ujerumani iliyokuwa Belgrade ikaanza kulipiga usiku, na jangwani Afrika Kaskazini askari wa Kiingereza upande wa pili wakawa wanafungulia redio ya adui ili wamsikie Lale. Goebbels, waziri wa propaganda, aliuchukia wimbo huo kwa unyonge wake. Baadaye Marlene Dietrich, mwigizaji Mjerumani aliyekataa kuwatumikia Wanazi, akawaimbia askari wa Marekani. Hapo maneno na mahadhi hayakubadilika sana, ila wimbo ukahama jeshi.

Kuhama huku ni kawaida. "Ich hatt' einen Kameraden", ambao tarumbeta ya jeshi la Ujerumani bado inaupiga mazikoni, uliandikwa na mshairi Ludwig Uhland mwaka 1809, mtu wa vitabu asiyekuwa mwanajeshi. Risasi inakuja ikiruka, ni yangu au ni yako? Inampata mwenzake. Adui hatajwi kwa jina, wala ushindi haupo. Labda ndiyo maana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania wakomunisti wa Kijerumani walichukua mahadhi hayohayo wakamwimbia Hans Beimler, mwenzao aliyeuawa Madrid mwaka 1936, huku maadui zao nao wakiyaimba kwa waliowapoteza.

Je, nyimbo hizi zimepigwa marufuku? Sheria ya Ujerumani, kifungu 86a cha Kanuni ya Adhabu, inakataza alama za mashirika yaliyopigwa marufuku, na "Horst-Wessel-Lied" umo, maneno na mahadhi yake. Sanaa na mafundisho yana nafasi yake. "Erika" haumo. "Panzerlied", wimbo wa vifaru wa mwaka 1933, haumo. Lakini jambo lisilokatazwa na sheria si lazima lipokelewe mezani. Mwaka 2017, baada ya kashfa ya ofisa mmoja aliyeshukiwa kupanga ugaidi wa mrengo wa kulia, Ursula von der Leyen, waziri wa ulinzi wa wakati huo, alisimamisha kitabu cha nyimbo cha jeshi kwa sababu "Panzerlied" na nyimbo nyingine za aina hiyo zilikuwa bado ndani. Wapo wanajeshi waliolalamika kwamba wimbo unasema tu juu ya kifaru, theluji na vumbi. Kwa upande mwingine, Kikosi cha Kigeni cha Ufaransa kinayaimba mahadhi hayohayo kwa Kifaransa, hakuna anayeshtuka. Na ile video inayosambaa ya vijana wanaogonga buti wakiuimba, ikisemwa ni picha halisi ya vita? Mara nyingi ni kipande cha filamu ya Kimarekani ya mwaka 1965, "Battle of the Bulge", iliyopigwa Hispania.

Nimeuacha mwishoni wimbo mmoja makusudi, kwa sababu una maneno yetu ndani yake.

Unaitwa "Heia Safari". Maneno ni ya Hans Anton Aschenborn, mchoraji wa wanyama aliyeishi Namibia wakati ikitawaliwa na Wajerumani. Mahadhi ni ya Robert Götz, mtunzi wa vijana wale wale wa matembezi. Hakuna hata mmoja wao aliyepigana huku kwetu. Ulipata umaarufu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, alipokuwa shujaa wa magazeti kwa kupigana miaka minne Afrika Mashariki bila kushindwa kabisa. Yeye mwenyewe mwaka 1920 alitoa kitabu cha vijana chenye jina hilohilo.

Soma ubeti wa kwanza polepole. Mara ngapi tumetembea kwenye kijia chembamba cha "Neger", neno ambalo leo ni tusi, katikati ya mbuga, alfajiri inapokaribia. Tulivyokuwa tukisikiliza sauti ile, wimbo ule wa kale tuliouzoea, wa wapagazi na askari: heia, heia safari. "Safari" ni yetu, "askari" ni yetu, na sikio langu la Kiswahili halisikii "heia", linasikia "haya". Haya, safari! Yaani nyanyukeni, mizigo kichwani, tuondoke.

Sasa angalia nani anafanya nini ndani ya ubeti huo. Mzungu anasikiliza. Wanaoimba ni wapagazi na askari. Wimbo wa Kijerumani wenyewe unakiri kwamba unanukuu wimbo mwingine, wa Kiswahili, na katika wimbo huo mwingine umechukua maneno mawili tu. Mengine yote waliyokuwa wakiimba watu wale alfajiri, kama walimtukana bwana, kama walimkumbuka mke, kama walihesabu siku za mshahara usiolipwa, hayamo.

Na wapagazi hao walikuwa nani? Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Pande zote mbili za vita ziliwatumia, na waliokufa kwa njaa, kuhara, homa na uchovu ni makumi ya maelfu. Upande wa Waingereza jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki mdomoni mwetu kila siku, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Chakula kilichukuliwa vijijini na jeshi lolote lililopita, na njaa ikafuata. Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini Abercorn, Mbala ya sasa nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alikuwa na Wazungu 155 na askari wa Kiafrika zaidi ya 1,100. Mwezi Machi mwaka uliofuata alipita chini ya lango la Brandenburg, Berlin, watu wakishangilia. Wimbo ukawageuza waliobeba mizigo kuwa sauti tamu ya nyuma, kama ndege wa alfajiri.

Hata hivyo askari na wapagazi walikuwa na namna yao ya kujibu gwaride, na hiyo haikuhitaji mtunzi kutoka Ulaya. Ngoma ya beni ilikuwa imeanza pwani ya Lamu na Mombasa kabla ya vita, watu wakiiga matarumbeta, sare na vyeo vya jeshi, kila mtaa na jenerali wake na mfalme wake. Vita vilipokuja, askari na wapagazi waliibeba bara nzima, mpaka kila mji ulikuwa na vyama viwili vya kushindana, Marini na Arinoti. Waliamriana kwa sauti za makamanda waliowatumikia, wakatembea mwendo wa gwaride mbele ya wake zao na watoto wao, wakacheka. Wakoloni Waingereza waliokuja baada ya Wajerumani waliitazama kwa wasiwasi, wakadhani ni njama ya siasa. Waliokuwa wakiicheza walikuwa wameshika virungu na filimbi, na nyimbo zao, kwa Kiswahili, zilikuwa za kuwasema Marini wa mtaa wa pili.